Tuijue Ardhi Kabla ya Tetemeko

    Leo tuzungumze habari ya ardhi tunayoikanyaga, na hasa ile ardhi laini iliyojaa mabondeni, ambayo miji mingi mikubwa ya dunia imejengwa juu yake.

Nianze kwa swali. Tetemeko la ardhi likitokea mbali, tuseme zaidi ya kilometa 350 kutoka mjini kwenu, je, mna sababu ya kuogopa? Wengi mtajibu kwamba hapana, mbali ni mbali. Na mara nyingi jibu hilo ni sahihi, kwa sababu mtikisiko hufifia kadiri unavyosafiri. Lakini kuna mahali ambapo haufifii. Kuna mahali ambapo ukifika, unapata nguvu upya. Mahali hapo ni mabonde yaliyojaa mashapo, yaani mchanga, tope na udongo ulioletwa na mito na maziwa kwa maelfu na mamilioni ya miaka.

Twende Meksiko tukaone. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Maafa makubwa kuliko yote hayakutokea pwani. Yalitokea Mexico City, huko bara, zaidi ya kilometa 350 kutoka chanzo cha tetemeko. Maelfu ya watu walikufa na mamia ya majengo yaliporomoka.

Sasa sikiliza jambo lililowashangaza wataalamu. Ndani ya jiji hilohilo, mitaa iliyojengwa juu ya mwamba, kwenye miinuko ya pembezoni, ilipata madhara kidogo. Mitaa ya katikati ndiyo iliyobomoka. Na hata huko katikati, si kila jengo lilianguka. Nyumba nyingi fupi zilisalimika. Mnara mrefu wa Torre Latinoamericana, wenye ghorofa 44, ulibaki umesimama. Waliokuwa hatarini zaidi ni watu waliokuwa katika majengo ya urefu wa kati, ya ghorofa kama sita hadi kumi na tano.

Kwa nini hayo, na si mengine? Je, yote yalijengwa vibaya? Ujenzi mbovu ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini jibu kubwa lilikuwa chini ya misingi ya majengo.

Zamani pale katikati palikuwa na ziwa, Ziwa Texcoco. Waazteki walijenga mji wao wa Tenochtitlan juu ya kisiwa ndani ya ziwa hilo. Baada ya Wahispania kuuteka mji, maji yalikaushwa miaka nenda miaka rudi, na jiji likatambaa juu ya kitanda cha ziwa. Maji yaliondoka juu, lakini chini ulibaki udongo wa mfinyanzi, laini mno, uliolowa maji, wenye unene wa makumi ya meta. Juu ya udongo huo ndipo ghorofa zilipopandishwa.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndicho kiini cha mazungumzo yetu. Mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye mashapo laini, yanafanya mambo matatu. La kwanza, yanapunguza mwendo. Na wimbi likipunguza mwendo huku limebeba nguvu ileile, linapanda juu, linakuwa kubwa. La pili, yanakwama. Yanagonga mwamba wa chini na kuta za bonde, yanarudi, yanagonga tena, hata mtikisiko ambao ungeisha upesi unaendelea kwa dakika nzima au zaidi. La tatu, kila bonde lina mdundo wake wa asili, na mdundo huo ndio linaoukuza kuliko mingine.

Mdundo ni nini hapa? Mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo, hafiki mbali. Ukimsukuma kila anaporudi kwako, kwa kipimo chake, msukumo mdogo tu unampandisha juu sana. Ardhi laini nayo ina kipimo chake cha kwenda na kurudi. Jengo nalo lina chake. Kwa makadirio ya haraka, kila ghorofa huongeza sehemu ya kumi ya sekunde. Jengo la ghorofa kumi huenda na kurudi kwa sekunde moja hivi, na la ghorofa nyingi zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Sehemu kubwa ya udongo wa ziwa chini ya Mexico City ilikuwa na mdundo wa sekunde mbili hivi. Majengo ya kati, ambayo yalilegea na kuongeza muda wake kadiri yalivyopata nyufa, yakajikuta yanasukumwa kwa kipimo chake hasa, tena na tena. Ndiyo maana yakaanguka hayo.

Na mje mwone. Tarehe 19 Septemba 2017, siku ileile ya kumbukumbu ya maafa ya 1985, tetemeko jingine la ukubwa wa 7.1 lilipiga karibu zaidi na jiji hilo. Safari hii mtikisiko ulikuwa wa mdundo wa haraka zaidi, na mitaa iliyoumia zaidi ilikuwa ile ya ukingoni mwa ziwa la zamani, ambako udongo si mnene sana. Majengo mengi yaliyoporomoka yalikuwa ya ghorofa chache kuliko yale ya 1985. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba jiji fulani lina udongo laini. Ni lazima ujue ni mtaa upi, udongo una unene gani, na mdundo wake ni upi.

Tumefika kwenye swali letu kuu la leo. Tutayajuaje haya kabla ya maafa? Tungoje tetemeko kubwa lije litufundishe? Hapana. Somo hilo lina ada kubwa mno, na ada yake ni roho za watu.

Habari njema ni kwamba hatuna haja ya kungoja. Ardhi haijatulia hata siku moja. Hivi sasa ninaposema nawe, chini ya kiti chako, chini ya shamba lako, ardhi inatetemeka. Inatetemeka kidogo mno, mwili hauwezi kuhisi, lakini kifaa kinahisi. Hatuzungumzii tetemeko, hii ni mitetemo ambayo leo tutaiita ya asili, ya kila saa, usiku na mchana.

Inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka baharini. Mawimbi ya bahari yakikutana yakitoka pande zinazopingana, msukumo wake hushuka hadi sakafu ya bahari na kuigonga. Mwanasayansi Mwingereza, Michael Longuet-Higgins, alieleza jambo hili mwaka 1950. Msukumo huo unasafiri ndani ya ardhi hadi bara, mbali kabisa na fukwe. Huo ni mtetemo wa polepole, wa sekunde kadhaa kwenda na kurudi. Kisha upo mtetemo wa haraka, ambao mwingi unatokana na sisi wenyewe: malori, treni, viwanda, mashine, umati wa watu kiwanjani. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nyingi zilipofunga shughuli? Vipima mitetemo duniani viliona tofauti waziwazi. Mahali pengine mtetemo unaotokana na binadamu ulipungua hadi nusu. Ndivyo vifaa hivi vilivyo makini.

Kwa miaka mingi wataalamu wa matetemeko waliona mitetemo hii ni kero, inawachafulia kumbukumbu zao. Leo imekuwa hazina. Kwa sababu gani? Kwa sababu mtetemo huu mdogo unapita katika ardhi ileile ambayo tetemeko kubwa litapita. Ukipita kwenye mwamba, unabeba habari za mwamba. Ukipita kwenye mashapo, unabeba habari za mashapo. Kazi ya mtaalamu ni kuzisoma hizo habari. Na zipo njia mbili ambazo ningependa uzijue.

Njia ya kwanza ni nyepesi. Mtaalamu anabeba kifaa kimoja kidogo, anakiweka ardhini, anakiacha kwa nusu saa au saa moja. Kifaa kinapima mtetemo wa juu na chini, na mtetemo wa ubavuni, yaani kaskazini kwa kusini na mashariki kwa magharibi. Halafu anatazama: ni katika mdundo upi ambapo mtetemo wa ubavuni unauzidi sana ule wa juu na chini? Juu ya mwamba mgumu, kwa kawaida hakuna mdundo unaojitokeza. Juu ya mashapo laini yaliyolala juu ya mwamba mgumu, mdundo mmoja unajitokeza wazi. Huo ndio mdundo wa asili wa mahali pale. Njia hii ilizaliwa Japani, na aliyeieneza zaidi ni mhandisi Yutaka Nakamura, aliyefanya kazi katika utafiti wa reli, kwa makala yake ya mwaka 1989.

Mdundo huo unafungamana na unene wa udongo na mwendo wa mawimbi ndani yake, hivyo ukishaujua unaweza kujua mengine. Tuchukue mfano mmoja tu. Tuseme udongo una unene wa meta 40, na mawimbi ya ubavuni yanapita humo kwa meta 80 kila sekunde, mwendo wa polepole sana ukilinganisha na mwamba. Kwa kanuni ya wataalamu, zidisha unene kwa nne, upate 160. Gawa kwa 80. Unapata sekunde mbili. Ndizo zilezile sekunde mbili za Mexico City. Na kweli, baada ya 1985 watafiti walipima mitetemo ya kawaida katika mitaa ya jiji lile na kuukuta mdundo uleule uliobomoa majengo. Habari ilikuwamo ardhini siku zote.

Njia ya pili inahitaji vifaa viwili au zaidi na subira ya muda mrefu. Unaweka kifaa kimoja hapa na kingine kule, kilometa nyingi baina yao. Vyote viwili vinarekodi kwa wiki, kwa miezi. Kisha kompyuta inalinganisha kumbukumbu hizo mbili. Mtetemo uliopita kwenye kifaa cha kwanza, baada ya muda fulani unapita kwenye cha pili. Ukilinganisha mara nyingi, yale yasiyohusiana yanajifuta, na kinachobaki ni picha ya jinsi wimbi linavyosafiri kutoka hapa hadi kule. Yaani ni kama umeipiga ardhi mahali pa kifaa cha kwanza, ukapima mahali pa kifaa cha pili. Mwaka 2005, Nikolai Shapiro na wenzake walitumia kumbukumbu za muda wa kama mwezi mmoja wa vifaa vya kusini mwa California, Marekani, wakachora ramani ya ardhi ya chini, mabonde ya mashapo yakionekana kabisa, bila kutumia tetemeko hata moja.

Kisha wakaja wengine na swali zito zaidi. Kusini mwa California kuna ufa mkubwa wa ardhi uitwao San Andreas. Sehemu yake ya kusini kabisa haijatoa tetemeko kubwa kwa takribani miaka mia tatu. Likitokea, jiji la Los Angeles litatikisika vipi? Jiji hilo limekaa juu ya bonde la mashapo lenye kina cha kilometa kadhaa. Kompyuta zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba mawimbi yangeelekezwa na mabonde moja kwa moja hadi jijini. Lakini hesabu ya kompyuta inategemea ulichoiambia. Nani angeihakikisha?

Marine Denolle wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakaweka vifaa kando ya ufa huo, wakarekodi mitetemo ya asili, wakailinganisha na ile iliyorekodiwa jijini. Kwa njia hiyo wakatengeneza matetemeko ya kubuni yanayopita katika ardhi halisi. Waliyalinganisha na matetemeko ya kweli ya wastani yaliyokwisha kutokea, wakaona yanalingana vizuri. Walipotoa matokeo yao mwaka 2014, jibu lilikuwa hili: ndiyo, bonde la Los Angeles linakuza mtikisiko wa polepole kwa kiasi kikubwa, na upande ambao tetemeko linatoka unabadilisha sana nguvu itakayofika jijini. Mwaka huohuo kazi ya namna hiyo ilichapishwa kuhusu bonde la Kanto, ambamo limo jiji la Tokyo.

Mtikisiko wa polepole unamhusu nani? Unamhusu anayeishi au kufanya kazi katika jengo refu. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea kaskazini mashariki mwa Japani. Jijini Osaka, zaidi ya kilometa 700 kutoka huko, jengo la serikali la ghorofa 55 liliyumba kwa muda wa kama dakika kumi. Mitaani watu wengi hawakuona jambo kubwa. Ndani ya jengo hilo dari zilibomoka na watu walinaswa kwenye lifti. Mdundo wa mashapo ya Osaka pale na mdundo wa jengo ulikuwa karibu mmoja. Umbali haukuwalinda.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, nisiwape matumaini kupita kiasi. Mitetemo ya asili haisemi tetemeko litatokea lini. Haisemi kabisa, na anayewaambia kwamba inasema anawapotosha. Pia, mtetemo mdogo ni mdogo. Udongo ukitikiswa kwa nguvu nyingi unabadilika tabia, na mchanga uliolowa unaweza kulegea na kumeza misingi. Na ile njia ya kifaa kimoja inaeleza mdundo vizuri, lakini haielezi kwa uhakika mtikisiko utakuzwa mara ngapi. Kwa hiyo wataalamu hawaitumii peke yake. Wanachimba, wanapima, wanalinganisha na matetemeko madogo yaliyorekodiwa. Hata hivyo, kwa mahali ambapo hakuna kumbukumbu yoyote, hiki ni kianzio kizuri, na gharama yake ni ndogo.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi wa Afrika Mashariki. Je, jambo hili linatuhusu? Linatuhusu sana. Bonde la Ufa linapita katikati yetu, na sakafu yake ina mabonde yaliyojaa mashapo. Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina mashapo yenye kina cha kilometa kadhaa, na eneo hilo lilipata mwaka 1910 mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika lilihisiwa hadi Nairobi. Mji wa Bujumbura umekaa kwenye tambarare ya mashapo kando ya ziwa hilohilo. Ndugu zetu wa Kagera hawajasahau tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la baharini la ukubwa wa takribani 6 liliwatoa watu mbio katika majengo marefu ya Dar es Salaam, jiji la mashapo ya pwani.

Tazameni jinsi miji yetu inavyopanda juu. Zamani ghorofa tatu zilikuwa jambo la kusimulia. Leo minara ya ghorofa ishirini na thelathini inaota mabondeni, kando ya mito na fukwe. Sisemi tusijenge. Tujenge! Lakini nasema kwa moyo wangu wote kwamba tujenge tukiwa tunajua. Mnara utakaodumu miaka mia unastahili saa moja ya kifaa kidogo ardhini kabla ya nguzo ya kwanza. Vyuo vyetu vina vijana wanaoiweza kazi hii. Kifaa kinabebwa na mtu mmoja. Ramani ya midundo ya mji mzima inaweza kukamilishwa mtaa kwa mtaa, na ikabaki kuwatumikia wahandisi kwa miaka mingi.

Kabla hatujaagana, turudie yale makuu. Kwanza, umbali kutoka kwenye tetemeko si kinga ya kutosha. Ardhi iliyo chini yako ina neno kubwa. Pili, mashapo laini hukuza mtikisiko, huurefusha, na kila mahali pana mdundo wake. Hatari ni pale mdundo wa ardhi unapolingana na wa jengo. Tatu, mdundo huo unaweza kupimwa leo, siku ya amani, kwa kutumia mitetemo ya asili ambayo bahari na shughuli zetu zinatupa bure.

Na ombi langu kwenu ni moja. Mkisikia ghorofa ndefu inajengwa mtaani kwenu, ulizeni kwa heshima: udongo wa hapa umepimwa? Mdundo wake unajulikana? Muulizeni diwani, muulizeni mhandisi wa halmashauri, muulizeni mwenye jengo. Ni haki yenu kuuliza, na mhandisi mzuri atafurahi kuulizwa, kwa kuwa jibu analo mkononi. Asipokuwa nalo, bado muda upo wa kulitafuta.